Beki wa magongo anayekomaa polepole: namna ya kupima kama atafika

Kila muhula wa kwanza, msimu wa mpira wa magongo shuleni unapoanza, kuna ubishi usiokosa kando ya viwanja kuanzia Kimilili hadi Kisumu. Kuna beki wa miaka 16, mrefu, mtulivu, na leo amepitwa mara tatu na winga anayemfikia kifuani. Nusu ya watu wanataka atolewe. Nusu nyingine wanasema apewe muda. Hakuna upande wenye daftari, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa michezo, kocha wa klabu na mzazi anayetaka kubishana juu ya beki wa namna hiyo kwa yale aliyoyaona na kuyaandika. Beki anayekua hapimwi kwa wingi wa makosa yake. Hupimwa kwa kuuliza kama makosa ya leo ndiyo yale ya mwaka jana. Beki anayepitwa kwa namna mpya anajifunza. Anayepitwa vile vile kwa misimu miwili, mguu ule ule mbele, upande ule ule, huyo ndiye wa kutiliwa shaka, hata kama jumla ya makosa yake imepungua.

Kubalianeni kwanza "kufika" ni wapi

Mabishano mengi hayaishi kwa sababu mmoja anazungumzia ligi kuu ya Kenya na mwenzake anazungumzia Uholanzi. Hapa nyumbani wachezaji wengi wa ligi kuu huishi kwa kazi au wanasoma: Kenya Police ni timu ya maafisa wa polisi, Butali Warriors ina jina la kiwanda cha sukari cha Kakamega, na vyuo vikuu vina timu zao. Kwa hiyo "kulipwa" kwa kijana wa hapa mara nyingi ni kupata ajira au karo kupitia magongo. Pesa za mchezo wenyewe ziko klabu za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na kwenye Hockey India League iliyorudi mwishoni mwa 2024 baada ya kusimama tangu 2017.

Andikeni sentensi moja yenye kiwango na umri, kwa mfano: "Kabla hajatimiza miaka 21 atakuwa anaanza mechi katika klabu ya ligi kuu." Bila hiyo hamna mnachobishania.

Kumbukeni pia kwamba beki hudumu. Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya nyuma katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na katikati ya miaka hiyo ndipo Kenya ilipomaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona. Mtu anayeweza kucheza nafasi hiyo miaka 12 katika kiwango hicho, kumsubiri miaka miwili shuleni si gharama kubwa.

Mwili: pima urefu kabla ya kupima uchezaji

Jiulize kama ni mzito kwa sababu anarefuka. Wavulana wengi hupitia kipindi cha kurefuka haraka wakiwa karibu na miaka 14, lakini wako wanaochelewa hadi 16. Katika kipindi hicho anaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Miguu inatangulia, nguvu za nyonga na mgongo zinafuata baadaye, mara nyingi baada ya miezi kadhaa hadi mwaka mzima. Beki wa aina hiyo hugeuka kama lori kwenye barabara nyembamba, na mazoezi hayawezi kuharakisha jambo hilo.

Msimamishe ukutani bila viatu, asubuhi, visigino vikigusa ukuta. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, chora mstari kwa penseli, pima kwa utepe. Rudia kila miezi mitatu. Akiongeza sentimita 2 au zaidi kati ya vipimo viwili, bado yuko katikati ya kurefuka. Usitoe hukumu yoyote juu ya kasi yake ya kugeuka msimu huo. Akilalamika maumivu chini ya goti, pale mfupa unapojitokeza, au kwenye kisigino, mpunguzie kuruka na kukimbia, wala usimwite mvivu.

Wasichana hurefuka mapema zaidi, wengi karibu na miaka 12. Beki wa kike wa miaka 16 anayeonekana mzito kwa kawaida hana kisingizio cha urefu. Tafuta nguvu za miguu, chakula, au damu iliyopungua. Na kwa yeyote anayeishi ukanda wa ziwa, mtoto aliyetoka kuugua malaria asipimwe chochote kwa wiki mbili tatu. Ataonekana amepoteza kipaji, kumbe amepoteza nguvu tu.

Angalia pia tarehe ya kuzaliwa. Katika Kidato cha Tatu kimoja unaweza kumkuta wa miaka 15 na wa miaka 18. Kuwalinganisha hao wawili kama wenzi ni dhuluma kwa mdogo.

Kisha gongo. Shule nyingi hugawana magongo, na mrefu hupewa lililobaki. Gongo la kawaida la mtu mzima ni inchi 36.5. Mvulana wa sentimita 183 akipewa la inchi 35, hulazimika kujikunja kiunoni badala ya kukunja magoti, macho yanatazama chini, na winga anapita mbele ya uso wake. Kabla hujasema "haoni mchezo", mpe gongo linalomfaa kwa mechi tatu.

Anacheza upande gani? Hapa ndipo wengi wanakosea

Magongo yote yametengenezwa kwa mkono wa kulia, na upande unaoruhusiwa kugusa mpira ni ule bapa pamoja na kingo, si ule wa mviringo. Ndiyo maana kila mchezaji ana upande wenye nguvu, wa kulia kwake, na upande dhaifu, wa kushoto, ambako lazima ageuze gongo. Huo ndio rivasi.

Sasa mtazame beki wa kulia. Amemkabili mshambuliaji, mstari wa pembeni uko kulia kwake. Akimwelekeza mshambuliaji nje, anamwelekeza kwenye upande wake mwenyewe wenye nguvu. Mguu wa kushoto mbele, mwili umekaa upande, gongo chini, na mstari wa uwanja unamsaidia kukaba. Kila kitu kinakwenda njia moja.

Beki wa kushoto hana raha hiyo. Mstari wa pembeni uko kushoto kwake, upande wa rivasi. Winga wa kulia anayemkabili ameubeba mpira kwenye upande wake mzuri, na mpira uko nje, mbali na gongo la beki. Akimfungia nje, anakwenda kupokonya kwa rivasi, mkono mmoja, gongo limelala. Akimwelekeza ndani ili apate upande wake mzuri, anamfungulia njia ya kuingia kwenye D, lile eneo la nusu duara mbele ya goli. Hakuna chaguo lisilo na hatari. Anachopaswa kujifunza ni kusoma pasi kabla haijampata winga, au kukimbia naye sambamba akiwa upande wa goli, asikurupuke, kisha auzuie mpira kwa rivasi winga anapokaribia mstari wa nyuma. Hilo huchukua misimu.

Kwa hiyo mabeki wawili wenye idadi sawa ya kupitwa hawako sawa. Beki wa kushoto mpe muda zaidi. Na kabla ya kumkata, mhamishe kulia au kati kwa mechi nne. Wako wanaoitwa wazito ambao walikuwa tu wamewekwa mahali pagumu.

Mtazame kwa karibu katika jambo hili moja. Winga anakuja, mpira mita 4 mbele ya beki. Usitazame gongo, tazama miguu. Beki asiyejua husimama wima, miguu sambamba, kisha huchoma gongo mbele mpira ukiwa bado umegandana na gongo la winga. Anakosa, uzito wote uko mbele, hawezi kurudi. Anayekua huanza kurudi nyuma mapema kwa kasi inayokaribia ile ya winga, magoti yamekunjwa, na hungoja ile nukta mpira unapoachana na gongo la mshambuliaji. Hapo ndipo anaudokoa kwa mkono wa kushoto, mara moja, na kurudisha gongo chini. Hata akikosa, bado yuko kati ya winga na goli. Ukiuona ungojaji huo ukiongezeka kutoka mechi hadi mechi, andika tarehe, kwa sababu ni dalili nzito kuliko mabao aliyookoa.

Uwanja nao una lake

Uwanja wa nyasi wa shule, hasa baada ya mvua za Machi na Aprili, huufanya mpira uwe mzito na wenye kurukaruka. Kijana hujifunza kuweka miguu nyuma ya gongo kama ukuta wa akiba. Inamsaidia nyumbani. Akifika kwenye nyasi bandia, mpira unakuja haraka na kwa mstari ulionyooka, miguu ile iko karibu mno, mpira unagonga kiatu, na ndani ya D hiyo ni kona fupi, yaani pigo la adhabu ambalo wapinzani hulianzisha kutoka mstari wa nyuma. Watu wanasema kiwango kimemshinda. Kumbe ni mazoea ya nyumbani, na yanabadilika akifundishwa kupokea mpira mbele ya mguu wa kushoto, mikono ikiwa mbali na tumbo.

Usimhukumu beki aliyetoka kwenye nyasi za kawaida kwa mechi zake za kwanza kwenye bandia. Mpe sita. Kama katika ya sita mpira bado unagonga miguu yake kama katika ya kwanza, hapo una jambo la kusema.

Daftari la mechi

Chukua daftari la kurasa 48 na kalamu. Kwa kila tukio andika dakika, upande, na herufi moja. K kwa pasi aliyoikata kabla haijafika. C kwa kuchelewesha, yaani mshambuliaji alilazimika kusimama au kurudi. P kwa kupokonya. X kwa kupitwa. M kwa mpira kugonga mguu au faulo. F kwa kona fupi iliyotokana naye. Kando ya kila X ongeza maneno matatu au manne: "alichoma mapema, rivasi", "alitazama mpira, mtu nyuma".

Maneno hayo ndiyo mali. Mwisho wa msimu yasome yote kwa pamoja na uyapange kwa aina. Beki wa miaka 15 mwenye X nyingi za "alichoma mapema" akiwa na 16 anatakiwa awe na X za aina nyingine, kwa mfano kupitwa na pasi ya wawili kwa mmoja, maana sasa anangoja na wapinzani wametafuta njia mpya. Jumla inaweza kuwa ile ile. Mtu asiye na daftari atasema hajabadilika.

Unahitaji mechi zisizopungua nane, na angalau tatu ziwe dhidi ya washambuliaji wa kweli. Mechi ambayo timu yake inashinda 6-0 haikuambii chochote juu ya beki, amesimama tu. Atakapokutana na timu kama Musingu, St. Anthony's Kitale au Kamusinga, au kwa wasichana Tigoi au Sinyolo, hizo ndizo kurasa za kusoma mara mbili.

Jihadhari na P nyingi. Beki anayepokonya mara kumi kwa mechi hushangiliwa, lakini mara nyingi anapokonya kwa sababu alichelewa kusoma. Anayekomaa vizuri huonyesha P zikipungua huku K na C zikipanda. Uwanjani anaonekana kama hafanyi kazi.

Kona fupi ichunguze peke yake. Wanaolinda ni watano tu, kipa akiwa mmoja wao, na mkimbiaji wa kwanza hutoka mstarini moja kwa moja kumwendea mpigaji. Beki mrefu, jasiri na asiye na kasi ya kugeuka anaweza kuwa mkimbiaji bora kabisa, kwa sababu pale anakimbia mbele tu. Barakoa ya uso, glavu na kinga za magoti ni lazima awe nazo. Bila hivyo usimpeleke, na usimwite mwoga akisita.

Simu ikiwepo, ifunge juu ya nguzo nyuma ya goli kimo cha mita 2 au 3, ili uone mpangilio wa mabeki. Ukitazama video, rudisha sekunde 5 kabla mpira haujamfikia. Hesabu mara ngapi aligeuza kichwa kutazama nyuma ya bega lake. Sifuri kila mara ni tatizo. Moja au mbili ni mwanzo mwema.

Vipimo vitatu vya mazoezini

Hivi vifanyike kila miezi mitatu, kwenye uwanja ule ule, akiwa hajachoka. Unahitaji koni sita, mipira kumi na saa ya simu.

Kugeuka: arudi kinyumenyume mita 5, ageuke, akimbie mita 10. Mara tatu akigeukia kushoto, mara tatu kulia, chukua muda bora wa kila upande. Usimlinganishe na mwingine. Angalia tofauti kati ya pande mbili. Ikipungua, mwili unaanza kumtii.

Kichochoro: weka njia ya upana wa mita 8 na urefu wa 15. Mshambuliaji mzuri anamjia mara kumi akijaribu kupita upande wenye nguvu wa beki, na mara kumi upande wa rivasi, mapumziko ya sekunde 40 kati ya kila jaribio. Akimchelewesha sekunde 3 hesabu amefaulu, kwa sababu katika mechi wenzake wangekuwa wamerudi. Kosa la kawaida la makocha ni kumtumia mshambuliaji yule yule kila mara. Beki anakariri chenga zake na namba zinapanda bure. Mbadilishe.

Pasi ya kutoka nyuma: mipira 20 kutoka mita 25, kuelekea malango mawili ya upana wa mita 3, moja kulia na jingine kushoto, na mtu akimjia wakati anapiga. Bila mtu wa kumsumbua kipimo hiki hakina maana. Klabu kubwa huwakataa mabeki kwa udhaifu wa pasi kuliko kwa udhaifu wa kukaba.

Hoja za kukataa

Kuna watakaoleta mifano ya magongo ya barafu ya Marekani na Kanada, ambako klabu huchagua vijana wa miaka 18 na mabeki wanajulikana kwa kuchelewa. Mifano ni ya kweli. Zdeno Chara alichaguliwa wa 56 mwaka 1996 na akapata tuzo ya Norris, ya beki bora, mwaka 2009. Duncan Keith alikuwa wa 54 mwaka 2002 na hakuanza kucheza ligi kuu ya NHL hadi 2005. Mark Giordano hakuchaguliwa na klabu yoyote, akaipata Norris mwaka 2019 akiwa na miaka 35. Lakini anayemtaja Chara hawataji wale waliochaguliwa karibu naye na hawakusikika tena. Mifano hiyo inathibitisha kwamba kuchelewa hakumfungii mtu mlango. Haithibitishi kwamba beki wenu atapita.

Kataa pia "ana mwili wa beki", na kataa "hana roho". Hoja hizo mbili hazina kipimo. Mwenye kuzileta mwombe ukurasa wa daftari.

Lini kusema hapana

Zipo dalili ambazo zikidumu misimu miwili mizima, mwili ukiwa umetulia na gongo likiwa sawa, ni haki kusema hatafika kiwango mlichoandika. X za aina ile ile haziondoki. Hatazami nyuma hata baada ya kuonyeshwa video. Namba za upande wa rivasi kwenye kichochoro hazijasogea kwa vipimo vitano au sita. Na kubwa kuliko zote, akipitwa husimama. Beki aliyepitwa anayegeuka na kukimbilia goli ana nafasi ya pili kila mara; anayenyanyua mikono amewaachia wenzake wanne kazi ya watano.

Kadi zisome kwa uangalifu. Ya kijani humtoa dakika 2, ya manjano si chini ya 5. Kadi za kuchelewa kupokonya hupungua kadiri anavyojifunza kusoma. Kadi za maneno kwa mwamuzi hazihusiani na ukuaji wa mwili, na hizo zishughulikiwe wiki hiyo hiyo.

Akimaliza shule bado hamjakubaliana, mtafutieni klabu atakayocheza dakika nyingi, hata kama ni ndogo, kuliko benchi la timu kubwa ya Nairobi. Kocha wa huko mpelekeeni vipimo vya urefu vyenye tarehe, namba za kichochoro za mwaka mzima, na klipu sita fupi. Tatu ziwe za kazi nzuri. Tatu ziwe za kupitwa, mbili za mwaka jana na moja ya msimu huu, na kwenye kila moja mwandike alipitwa kwa sababu gani.